Twiga Waliorudi kutoka Pwani

Nyakerario alikuwa anasugua kiboko wa jiwe kwa msasa aliposikia pikapu ya Mohamednoor ikipanda kilima. Siku zote gari hilo lilifika kijijini Tabaka likiwa tupu na kuondoka limejaa. Safari hii lilikuja limelemewa na mzigo.

Mohamednoor alikuwa na duka mjini Kisii. Kwa miaka tisa alinunua vinyago vya mawe ya sabuni, yale mawe laini ya Kisii, alivyochonga Bosire, mume wa Nyakerario, akavipeleka kwenye hoteli za pwani. Bosire alichonga, Nyakerario akasugua, akaosha na kupaka nta. Twiga wao walikwenda kukaa kwenye nyumba za Wajerumani na Waitaliano ambao Bosire na Nyakerario hawakupata kuwaona.

Kisha watu wenye bunduki wakaanza kuvamia vijiji na barabara upande wa Lamu. Serikali za ng'ambo zikawaonya watu wao wasije. Ndege zikatua na abiria wachache, halafu nyingine zikaacha kuja kabisa. Hakuna risasi iliyosikika Tabaka, lakini kabla ya mwezi kwisha, vibanda vya wachongaji vilikuwa vimenyamaza kimoja baada ya kingine.

"Bwakire buya, Mama Sharon," Mohamednoor alisalimu kwa Ekegusii akishuka. Alikuwa amekonda. "Nimewarudishia kazi yenu."

"Si yetu tena, ulishainunua," Bosire alisema.

"Hoteli zimefungwa. Huenda hapa mkapata mtu wa kumuuzia. Mimi sina."

Ondieki, mdogo wake Bosire, alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono mitupu. Alisema kwa Ekegusii, kwa sauti ya chini, "Watu wa dini yake wamefukuza wageni, sasa yeye anatuletea mawe."

Nyakerario aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Mohamednoor alikuwa ameishi Kisii miaka ishirini, na kila neno alilielewa. Aliweka chini kreti aliyoibeba, akajibu kwa Ekegusii hiyohiyo.

"Ondieki, unamkumbuka Rashad? Yule mume wa binti yangu Janat, aliyekuwa mpishi kwenye hoteli kule pwani. Wavamizi walimpiga risasi akirudi nyumbani kutoka kazini. Hakuna aliyemuuliza dini yake. Wiki ya tatu sasa tangu tumzike."

Ondieki alivua kofia, akasimama, akaenda nyuma ya pikapu na kuanza kushusha kreti. Alizishusha zote peke yake. Kisha akasema, "Nisamehe, mzee," na Mohamednoor akampa mkono.

Nyakerario alileta chai na ndizi za kuchemsha, akauliza hali ya Janat.

"Nimemleta kwangu, yuko kwenye eda. Hataki kula, haongei. Anafukiza ubani tu kutwa, Rashad aliupenda. Na chetezo chake cha udongo kilipasuka njiani, sasa anatumia kifuniko cha kopo."

Nyakerario alikuwa Msabato, hakuwahi kuona chetezo. Alimwomba Mohamednoor amchoree umbo lake mavumbini. Bosire, ambaye hakuwa ameshika patasi kwa wiki mbili, aliinama akatazama mchoro ule, akaenda kutafuta kipande cha jiwe la rangi ya waridi.

Jumapili Nyakerario mwenyewe alikipeleka chetezo alichochonga Bosire nyumbani kwa Mohamednoor mjini. Alimkuta Janat amekaa mkekani, kichwa kimeegemea ukuta. Hakumwambia maneno ya kumtuliza, kwa kuwa hakuyajua. Alikiweka chetezo mbele yake. Janat alitia kaa la moto, akalitupia ubani, akangoja.

"Hakipasuki?" aliuliza.

"Jiwe hili halijali moto."

Swali lile lilikuwa neno la kwanza la Janat siku hiyo, na jioni alikunywa uji.

Wanawake waliokuja kumfariji walikiulizia chetezo kile. Mohamednoor akaagiza sita, baadaye arobaini, vya kuuza Eastleigh na Garissa, kwenye Waislamu wengi. Havikuziba pengo la watalii. Ondieki ilibidi aende Nyamira kuchuma majani ya chai, na Sharon, binti yao Bosire na Nyakerario, alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo kabla ya kurudi shuleni. Lakini kibanda cha Bosire kilisikika tena. Mwaka uliofuata duka moja la Malindi liliomba twiga thelathini. Zamani lilichukua mia tatu.

Kabla ya hapo, eda ilipokwisha, Janat alipanda Tabaka na baba yake kuchagua vyetezo vipya. Mohamednoor alipokuwa akiongea na Bosire, yeye alikuja kukaa kando ya Nyakerario, akachukua kipande cha msasa na kuanza kusugua bila kuombwa.

"Rashad alikuwa anapika pweza wa nazi," alisema huku akisugua. "Wageni walikuwa wanaingia jikoni kumpiga picha. Alikuwa anaona haya, anajificha nyuma ya mlango wa friji."

Alicheka, kisha akalia, kisha akaendelea kusimulia. Nyakerario alisogeza kigoda chake karibu, akamwacha aseme yote.