Mwanga wa Banda la Kuku

Picha ya kumi na tisa ilikuwa na vumbi, akaiweka kando. Ya ishirini, vumbi tena. Ya ishirini na moja ilikuwa na hewa safi. Mpimaji wa mwanga akaivuta karibu, akaandika namba yake kwa penseli.

Setilaiti ilipiga picha usiku, yeye alizisoma mchana, katika chumba kisicho na dirisha. Mwezi uliopita aliripoti kwamba bonde lililo karibu na kituo cha darubini ya nyota, kinachohitaji giza, linang'aa kupita kiwango. Bondeni humo mna banda moja tu la kuku, la dada yake. Ijumaa mafundi wangekwenda kumkatia umeme.

Simu ikaita.

"Kaka, umenishtaki mpaka mbinguni?"

"Sikujua ni wewe, dada. Kwenye picha ni nukta tu."

"Hiyo nukta ina vifaranga mia nne. Bila taa za joto, watakufa wote."

Akamweleza taratibu: mwanga wa mjini hupanda juu, vumbi la hewani huutawanya, na bonde lenye giza huonekana kama linawaka. Yeye hakuziondoa picha za vumbi. Kosa lilikuwa lake.

"Si ufute, basi!"

"Nimemwambia mkuu wangu. Anataka picha kumi safi, la sivyo ripoti inabaki ilivyo. Ninazo tatu."

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia. Katika picha hizo tatu mwanga ulikuwa nne, si tisa kama kwenye zile za vumbi. Kiwango kinachoruhusiwa ni tatu.

"Dada, nje ya banda una taa ngapi?"

"Moja."

"Dada."

"Haya, nne! Vicheche wala kuku wamejaa huku, wewe unakaa ofisini utajua nini?"

"Zima tatu."

"Nikizima leo, kesho utaona?"

"Hewa ikiwa safi."

"Na isipokuwa safi?"

Mpimaji alitazama ukuta, pale ambapo dirisha lingekuwa. Asubuhi alikuja kazini akiwa amefunika pua kwa kitambaa kuzuia vumbi.

"Wewe zima tu," akasema.

Dada akakata simu bila kuaga.

Mlinzi akachungulia mlangoni, funguo mkononi. "Mzee, nafunga. Au utalala humu?"

Ilikuwa Jumatano. Zilibaki picha tisa za kusoma, na siku mbili kabla ya mafundi kufika. Mpimaji akaandika pembeni mwa karatasi, "Nimeishia ishirini na moja," akazima kompyuta.