Maiki Iliyokubali Chupa

Siku ile, mimi ndiye niliyetangulia kutoweka. Nilikuwa nimekaa studioni kwa Kagiri, karibu na kituo cha 46 Kawangware, chupa yangu mapajani, nikimngoja kaka yangu Shiundu atoke kibarua cha mjengoni aje tumalizie wimbo. Ili muda usonge, Kagiri akanichezea kile tulichokuwa tumerekodi awali. Gitaa la Shiundu likaingia, sauti yake ikafuata, ile sauti ya mtu anayezungumza na jirani juu ya ua. Nikangoja nijisikie. Sikujisikia.

"Chupa nimeitoa, auntie," Kagiri akasema, akitabasamu kama mtu aliyekufulia nguo bila kuombwa. "Ilikuwa inaleta kelele. Sasa wimbo uko safi."

Kabla sijamjibu, simu yangu ikaita. Ukuta ulikuwa umeanguka kule mjengoni, na kaka yangu alikuwa chini yake.

Kwetu magharibi, gitaa halitembei peke yake. Mpiga nyuzi huwa na mwenzake kando, mwenye msumari na chupa ya Fanta ya kioo, ile yenye mabonde ubavuni. Chupa ndiyo miguu ya wimbo. Tulipokuwa watoto, wavulana wote waligombania gitaa, hakuna aliyeitaka chupa, Shiundu akanipa mimi. Tangu hapo hakuimba bila mimi: arusini, kwenye michango, Jumapili mchana kwenye ngazi za magorofa yetu ya Soweto East, Kibera. Wimbo wake wa mwisho ulikuwa wa fundi anayejenga roshani akiuliza ni lini naye atasimama juu yake atazame chini. Mikononi mwa Kagiri, fundi yule hakuwa akikanyaga chochote. Alielea.

Tulimzika nyumbani, nikarudi Kibera kwenye mboga zangu. Mwaka ulipokaribia kutimia, kaka yetu mkubwa, Wepukhulu, alikuja kuniarifu kwamba kamati ya ukumbusho imekubaliana wimbo wa Kagiri ndio utakaochezwa. Nilimwambia ule si wimbo wa Shiundu. Akaniuliza, kwa upole mbaya kuliko matusi, kama ninamlilia ndugu yetu au ninalilia chupa.

Mimi ni mtu wa kunyamaza, na wengi hudhani kunyamaza ni kukubali. Kulipokucha nilimwita Mercyline, binti ya Shiundu, aliyerithi gitaa pamoja na vidole vya kulipigia, nikamwambia avae viatu. Tunaenda kununua maiki.

Duka la Kihara la vyombo vya muziki liko Kawangware, katikati ya kinyozi na wachomeleaji wa vyuma. Nilipotoa chupa mkobani, wateja waligeuka.

"Mathe, soda ni duka linalofuata," Kihara akasema. "Hapa haturudishi chupa."

Wakacheka. Nikaanza kugonga, wakicheka vivyo hivyo, mpaka akaona ni afadhali anihudumie.

Alituwekea maiki mbili ambazo mfuko wa muuza mboga ungeweza kuzimudu. Ya kwanza ilikuwa nyeti, ya kusimamishwa na kuimbiwa kwa mbali kidogo. Ilisikia kila kitu: moto wa wachomeleaji, mashine ya kinyozi, mtu akikohoa ng'ambo ya barabara. Chupa yangu ikapenya humo kama sindano kwenye jino bovu. Mercyline akang'oa spika za masikioni. Ya pili ilikuwa nzito, kichwa chake cha wavu, ya kushikwa mkononi, kama zile za wahubiri wa sokoni. Hiyo ilisikia kilicho karibu tu, na dunia iliyobaki ikaiacha na mambo yake. Chupa ilipolia humo, ililia kama kioo, halafu ikanyamaza kwa adabu.

Lakini Mercyline aliitaka ile nyeti, na alikuwa na haki. Humo, gitaa la baba yake liling'aa. Ungesikia hata kidole kikiteleza kwenye uzi. Katika ile nyingine, gitaa lilikuwa kama limevalishwa sweta.

"Senje," akasema taratibu. Ndivyo sisi tunavyomwita shangazi. "Tuchukue hii. Tukirekodi, wewe ukae nje ya mlango. Utasikika kwa mbali, na haitaumiza."

"Nje nimeshakaa," nikamwambia.

Akamrudishia Kihara ile nyeti, yeye mwenyewe, kwa mikono miwili.

Tulirekodia chumbani kwangu, mablanketi yakining'inia dirishani. Maiki tuliifunga kwa mpira kwenye mgongo wa kiti, waya wake ukiingia kwenye simu yangu. Ilibidi Mercyline ainame juu ya gitaa, mdomo na nyuzi vikigawana sehemu moja, kama mama anayemwimbia mtoto mapajani. Mimi nilikaa ubavuni. Nilipokaribia, nilimmeza, niliporudi nyuma sana, nilipotea. Tulisogeza kigoda changu kidogo kidogo, tukisikiliza, tukikosana, tukicheka, mpaka fundi wa Shiundu akakanyaga chini. Mercyline akaacha kuimba katikati ya ubeti. Tukalia kwanza, ndipo tukaanza upya.

Siku ya ukumbusho sikuomba ruhusa. Wepukhulu alipomwashiria mwenye spika aucheze wimbo, simu iliyokuwa imechomekwa ilikuwa yangu. Gitaa lilikuwa zito kidogo, ni kweli. Chupa ikaingia. Nilimwona Wepukhulu akikunja uso, na chini ya uso ule, mguu wake wa kulia ukianza kupiga kiatu ardhini. Hakujua. Sikumwambia.

Kagiri alikuwepo, kwa heshima ya marehemu. Watu walipotawanyika alinifuata, akasema wimbo una roho, nimpelekee ausafishe kidogo, bure.

"Hauna uchafu," nikasema.

Maiki iko kwangu, nimeizungushia leso. Kesho anakuja Angeline wa ghorofa ya chini, ambaye kwaya yake ilimwambia aache kayamba nyumbani. Anakuja nayo.