Jumamosi ya Keziah

Keziah alikuwa akipaka mafuta ya nguruwe mkono uliounguzwa na supu, Bwana Averill aliposhuka jikoni. Juu, wageni walikuwa bado wanampongeza. Alikuwa amewaambia kwamba Mungu hakumuumba mtu na kongwa shingoni, na kwamba utumwa ni aibu ya taifa hili changa. Aliyasema kwa moyo wake wote, na hilo ndilo lililoudhi zaidi.

Aliuliza habari za mkono. Kisha akasema kesho wangevuka mto kwenda New Jersey kubadili hewa, warudi Jumatatu.

Keziah akahesabu siku. Tamar, muuza chaza wa sokoni, mwanamke huru asiyeogopa mtu, alikuwa amemweleza sheria ya hapa Pennsylvania: mtumwa wa mgeni akikaa humo miezi sita mfululizo, yu huru. Akivuka mpaka, hesabu inaanza upya. Miezi yake ingetimia Jumamosi.

"Niache nibaki, bwana. Mkono unauma."

"Kule hutakuwa na kazi ya kupika. Utapumzika."

"Basi nipumzike hapa hapa. Mpaka Jumamosi tu."

Bwana Averill alimtazama. "Nani anakutia maneno?"

"Ni wewe, bwana. Nilikuwa nyuma ya kiti chako nikigawa supu."

Akaketi kwenye kigoda, ameumia kweli, maskini. Alisema hakuna anayeuchukia utumwa kama yeye, ila mambo makubwa hayataki pupa; wakati wake utafika, kama si kwa Keziah, basi kwa wanawe. Kisha akauliza, kama aliyekumbuka tu:

"Binti yako Lettice hajambo kule kwetu Virginia? Mke wangu anasema amekuwa msichana mkubwa. Kuna watu wa Georgia wanaulizia bei yake."

Keziah aliufunga mkono kwa kitambaa, akakaza fundo kwa meno.

"Tunaondoka saa ngapi, bwana?"

Asubuhi mto ulikuwa na upepo mkali wa Aprili. Bwana Averill alivua koti lake akamfunika Keziah mabegani. Mvushaji, mzee mcheshi, alikuwa akiwatazama huku akifungua kamba.

"Wapishi wa waheshimiwa wanapenda matembezi siku hizi," alisema. "Huyu wa tatu wiki hii. Niwawekee nafasi tena mwezi wa kumi?"

"Mwisho wa Septemba," akasema Bwana Averill. "Tusije tukachelewa."