Kikapu Nilikipakata Mpaka Mpakani

Jirani yetu Mama Zuleha anasema siku ile mjomba Nsajigwa alivuka mpaka na Korola yake kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukipungia watu. Anasema askari wa Zambia alimpigia saluti, mjomba akamjibu kwa Kibemba, gari likapita bila kusimama mpaka Isoka, na jioni likarudi vile vile, mkono mmoja. Hayo anayasimulia huku akigeuza dagaa kwenye kikaango, na wateja husahau walichokuja kununua. Na mimi katika simulizi yake nimo: nimekaa kiti cha nyuma, nimepakata kikapu cha ndizi.

Kikapu nilikipakata kweli. Mpaka mpakani.

Ilikuwa Jumapili. Dada yangu Gwantwa, aliyeolewa karibu na Isoka, alikuwa amejifungua binti, mjukuu wa kwanza wa mama, na akampa jina la mama yetu: Tulinagwe. Ubatizo ulikuwa saa nne kwa saa zao, na mama ndiye aliyetakiwa kumpeleka mtoto mbele ya mchungaji. Mchungaji wa kule huja mara moja kwa miezi mitatu. Tusipofika, mtoto mwenye jina la mama angebebwa na mikono mingine. Kwa hiyo mama alivaa kitenge ambacho hakijawahi kuguswa na maji, na viatu vyake vipya alivishika mapajani, visije vikachafuka kabla ya wakati wake.

Sisi watu wa Tunduma tuna kosa letu moja. Nakonde, mji wa Zambia ng'ambo ya mpaka, tunaiona kama chumba cha uani. Tunavuka kwa miguu kufuata sukari, tunarudi chai haijapoa, tunasahau kwamba ile ni nchi ya watu. Wakala wetu Yusuf alikwisha kamilisha karatasi za gari tangu Ijumaa, kibali na kadi ya njano ya bima. Hati zetu zilikuwa zimegongwa mihuri. Leseni ya dereva hakuna aliyeitaja. Nani amuulize mjomba leseni? Anaendesha tangu mimi sijazaliwa.

Aliyemuuliza alikuwa dada mmoja mwenye sare wa upande wa pili, jina lake kifuani: Mercy. Mjomba akaitoa, akampa huku anatazama pembeni, kama mtu anayetoa sadaka. Mercy akaigeuza mara mbili, kisha akamwita mjomba baba kwa Kibemba chao.

"Leseni ya Tanzania huku tunaipokea, batata. Ukiwa mgeni unaendesha nayo vizuri tu. Lakini hii imekufa tangu mwaka juzi."

"Imekufaje na mimi mwenyewe niko hapa mzima?"

"Wewe ni mzima. Ndiyo maana unaweza kurudi kwa miguu."

Mjomba akacheka peke yake. Kisha akaacha. Ofisi za kwetu zilikuwa zimefungwa, na hakuna duka linalouza leseni Jumapili. Kwenye kioo nilimwona mama akivitazama viatu vyake.

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo. Miaka mitatu niliuza chai kwenye foleni ya malori. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini anayeuza chai kwenye foleni ana muda wa kutazama, na mimi nilitazama miguu. Nilijua dereva gani anaonea klachi na nani anaibembeleza. Siku moja nilimuuliza mteja wangu Abdulrahim, mtu wa lori la Lusaka, leseni yetu inafika wapi. Akapuliza chai yake.

"Inafika mbali kuliko wewe, binti."

Kisha akanieleza: ikiwa hai, mgeni anaendesha nayo, ukihamia moja kwa moja ndipo utafute ya kwao. Mimi niliondoka na lile neno la kwanza. Usiku lilinikosesha usingizi, asubuhi likanipeleka shule ya udereva. Nilisoma, nikafeli mara moja, nikafaulu. Tangu hapo nikawa naendesha pikapu ya Zaitun, mfanyabiashara wa sokoni, kufuata mahindi Ndalambo. Mtaani walidhani naenda kupakia magunia, nami sikuwakatalia. Tunduma ukitaja jambo lako asubuhi, mchana unauziwa wewe mwenyewe.

Nikampa mama mdogo Yunisi, niliyebanana naye kiti cha nyuma, kile kikapu. Nikatoa leseni kwenye kava la simu.

"Dada, na hii je?"

Mercy akasoma polepole, mdomo ukianza kucheka. "Tukuswiga. Daraja D. Hii inapumua."

"Huyu?" mjomba akasema. "Huyu hajui kusukuma hata toroli."

Mama, ambaye sijawahi kumsikia akimkatisha kaka yake, akasema taratibu, "Nsajigwa, shuka."

Barabara ilikuwa imeoshwa na mvua ya alfajiri, na miombo pande zote mbili ilikuwa ikimeta. Kilomita za kwanza mguu wa mjomba ulikuwa ukikanyaga breki ambayo haikuwepo upande wake. "Gia." Nimeshabadili, mjomba. "Lori." Naliona, mjomba. Baadaye mguu ukatulia. Baadaye zaidi akalala, mdomo wazi, na nyuma Yunisi akaanzisha wimbo kwa Kindali, mama akaudaka. Cheti nilichopewa na shule hakifikii mkoromo ule.

Tulifika mchungaji akirekebisha kola. Mama akavaa viatu mlangoni. Maji yalipomgusa, Tulinagwe mdogo akapiga chafya, kanisa zima likacheka, na Tulinagwe mkubwa akalia mpaka kitenge kikapata maji yake ya kwanza.

Jioni, kwenye kituo, Mercy hakuomba kitu. Alichungulia tu dirishani. "Batata, dereva wako mzuri."

"Nimemfundisha mwenyewe," mjomba akasema.

Yunisi akakohoa ndani ya kanga. Tukaingia Tunduma, tukayapita malori, tukaushika mtaa wetu. Mjomba akajiweka sawa, akafunga kifungo cha juu cha shati, akasogea mpaka bega lake likagusa langu.

"Tuku," akasema chini chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Pale kwenye kona. Kabla ya kwa Mama Zuleha. Nipishe usukani, mwanangu. Hatua ishirini tu."

Nyuma wimbo ukakatika. Moshi wa dagaa ulikuwa umeshatufikia, na kona nayo ilikuwa inakuja. Nikashusha gia mpaka ya pili, nikamtazama mama kwenye kioo. Alikuwa amevua viatu, amevipakata tena, anatabasamu.