Kimbunga cha Jumanne

Kila Jumanne saa nne asubuhi, Bi Mawimbi alibandika karatasi ya "Usizime" kwenye kompyuta kubwa ya idara, akabonyeza kitufe, na kimbunga kikaanza. Kilichukua saa sita. Kompyuta ilipiga hesabu za upepo, kina cha bahari na maji yatakayosukumwa nchi kavu, mraba baada ya mraba wa ramani, naye akimenya chungwa. Jina la Bi Mawimbi alipewa na wenzake ofisini, na alilipenda kuliko lake.

Saa hiyohiyo, nyumbani kwa mama yake mdogo, mtaa wa mwisho kabla ya ufuo, maji yaliingia kupitia chini ya mlango. Yalikuwa maji ya chumvi, safi, yasiyo na haraka. Yalipanda hadi pale kompyuta iliposema, yakatulia, na saa kumi yakaondoka. Mama mdogo alikwisha kuyazoea. Jumatatu alipandisha godoro na unga juu ya kabati, na Jumanne akaketi juu ya meza akishona vifungo.

"Leo yamefika droo ya pili kutoka chini," alisema kwenye simu.

"Ya kabati au ya meza?"

"Meza ina droo, mwanangu? Umeshaisahau nyumba uliyolelewa?"

Bi Mawimbi alilinganisha na hesabu zake. Tofauti ilikuwa sentimita mbili. Alifurahi mno, maana wataalamu wengine husubiri kimbunga cha kweli ndipo wajue kama walipatia.

Kisha mkuu wa idara akaleta mchoro wa ukuta wa kuukinga mji, akataka uingizwe kwenye modeli ya kompyuta. Jumanne hiyo ukuta ulisimama, mita nne kwenda juu, nyuma ya vyoo vya mtaa, kati ya nyumba na mji. Maji yalikosa pa kwenda. Mama mdogo alipiga simu akiwa juu ya kabati, pamoja na godoro na unga.

Kwa utaratibu wa idara, nyumba isiyo na namba ya kiwanja haiingizwi kwenye ramani. Mraba wake huandikwa "uwanda mtupu", na uwanda mtupu haujengewi ukuta. Nyumba kumi na tisa za mtaa ule hazikuwa na namba. Aliyeziandika hivyo, mara kumi na tisa, ni Bi Mawimbi mwenyewe, mwaka wake wa kwanza kazini, akifuata mwongozo neno kwa neno. Jambo hilo lilimuuma sana. Akapiga moyo konde, akamwomba mkuu akajionee.

Mkuu alikuwa mtu muungwana. Jumanne alifika kwa mama mdogo pamoja na Bi Mawimbi, akakunja suruali, akaona haisaidii, akaikunjua. Maji yalimfika kifuani.

"Karibu, baba," alisema mama mdogo kutoka juu ya kabati. "Samahani, viti vinaelea."

"Usijali, mama. Nitasimama."

Akapewa chai kutoka kwenye chupa, akainywa yote, kisha akapima ukutani kwa futi yake.

"Tofauti ni sentimita moja tu!" alisema. "Bi Mawimbi, hongera. Hii modeli haina mfano."

"Na nyumba je, mkuu?"

"Nyumba gani?" Aliuliza bila ubaya wowote, mkono wake ukiwa umeshika dirisha. "Kwenye ramani hapa hakuna nyumba. Nikiupindisha ukuta kwa ajili ya uwanda mtupu, wakaguzi watanikalia kooni."

Alishukuru kwa chai. Alhamisi akautia saini mchoro wa ukuta.

Jumanne iliyofuata kazi ilikuwa imekwisha na kompyuta haikuwa na shughuli. Bi Mawimbi aliushika ukuta kwenye skrini, akauvuta hadi upande wa bahari, ukazizunguka nyumba zote kumi na tisa. Hakuna aliyemtuma, wala hakuna aliyemkataza. Akabonyeza kitufe.

Simu ililia saa tano.

"Mwanangu, leo ndani pakavu! Ukuta uko huku mbele, karibu na ufuo. Majirani wametoa viti nje."

"Nimeuhamisha, mama."

"Kwani wamekubali?"

"Hapana. Watajenga uleule wa nyuma."

Kwenye simu zilisikika sauti za watu wakicheka, na bahari ikigonga upande wa pili.

"Na huu wako unakaa mpaka saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi mashuka yatakauka," alisema, akaenda kuyaanika ukutani.