Shamba Lisilofagiliwa

Watu wa Kabiro walishaamua zamani kwamba Nereah ni mvivu, na ukishabandikwa jina huku Kawangware, wewe tulia tu ulibebe. Ushahidi wao ulikuwa shamba lake, kipande kile cha kando ya mto, nyuma ya nyumba za kupangisha. Wenzake walipalilia mpaka udongo ukabaki mtupu, mwekundu, msafi, mtu angeweza kumwaga ugali hapo akala. La Nereah lilikuwa limejaa nyasi kavu toka mwanzo wa mstari hadi mwisho, sukuma wiki zikichungulia katikati. Na juu ya kitalu cha miche alikuwa ametandaza pazia la neti, lile lile lililokuwa dirishani kwake. Haki ya Mungu, pazia!

"Niaje, Nereah?" Wangila, mwenye shamba la jirani, alimwita kila asubuhi akiwa ameegemea jembe lake. "Mboga zimeamka ama bado ziko kitandani?"

"Bado zimelala, usipige kelele," alijibu Nereah, akicheka. Alicheka, ndiyo, lakini maneno yalikuwa yanamwingia.

Habari ya nyasi hakufundishwa na mtu. Kiangazi cha mwaka uliotangulia alikuwa ameomba mzigo wa nyasi zilizofyekwa kwenye ua wa kanisa, akautua shambani akiwa hoi, akausahau. Jua lilipowaka, sukuma zake zote zikanywea isipokuwa zile zilizoguswa na ule mzigo. Akainua nyasi, akachomeka kidole: chini udongo ulikuwa baridi, una maji. Kumbe! Tangu siku hiyo, palipofyekwa nyasi, Nereah alikuwepo. Maafisa wa kilimo kitu hicho wanakiita matandazo; yeye alikiita blanketi. Pazia nalo lilifuata baada ya ndege na vidukari kumlia miche mpaka akalia. Dirisha akaliziba kwa gunia, maana si dirisha lililokuwa likimlisha.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba jua liliwaka kama limetumwa. Ndipo Trizah, mpishi wa shule moja ya watoto wadogo kule karibu na Ayany, alipomjia Nereah sokoni. Alikuwa amechoshwa na mboga zenye mchanga na matundu. Watoto walikuwa wanatema, na lawama zinamwangukia yeye.

"Nasikia zako ni safi," alisema. "Jumamosi nakuja kuliona shamba kwa macho yangu. Nikiridhika, wewe ndiye utakayeniletea mboga muhula wote, na muhula ujao."

Nereah siku hiyo alirudi nyumbani akiimba. Tangu aachane na mumewe alikuwa akiishi kwa vibarua vya kufulia watu nguo, leo ipo kazi, kesho hakuna. Mama yake kule Nyakach alimtumia salamu kwa kila msafiri: rudi nyumbani. Arudi wapi? Kwao binti aliyetoka kwenye ndoa hajengewi bomani mwa baba yake. Angekaa jikoni kwa mke wa kaka, akiomba hata chumvi. Mama alilijua hilo vizuri sana, ila hofu yake ya Nairobi ilikuwa kubwa kuliko aibu ya jikoni.

Alhamisi mama mwenyewe akatokea. Aluoch, ndilo jina lake, alishuka basi na kifurushi cha samaki wa kukausha mkono mmoja, na mkono wa pili begi kubwa, tupu.

"Begi la nini, mama?"

"La vitu vyako, nyathina," alisema Aluoch. Nyathina ni mwanangu, na akilitamka hivyo kwa upole ujue ameshaamua. "Nikiona kuna kitu cha kukuweka hapa, nitalirudisha tupu. Nisipokiona, Jumapili tunaondoka wote."

Usiku ule Nereah alimweleza habari ya mpishi atakayekuja Jumamosi; alipotaka kumweleza na ya nyasi, ulimi ukawa mzito. Tangu utotoni mama yake alikuwa akimpima mwanamke kwa shamba lake: palipofagiliwa kuna mwanamke, penye takataka hakuna. Akajiambia kesho jioni nitampeleka, nitamwonyesha polepole. Ijumaa alikuwa na nguo za kufua Lavington, akatoka alfajiri.

"Pumzika, mama," alisema mlangoni. Lo! Kumwambia Aluoch apumzike.

Jioni alipoingia kwenye ploti alimopanga, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa pazia la neti. Lilikuwa kwenye kamba ya nguo, limefuliwa, jeupe kuliko siku lililonunuliwa. Hakuingia hata ndani. Alikimbia moja kwa moja hadi mtoni.

Aluoch alikuwa ameketi juu ya ndoo, leso kiunoni, jasho limemkauka usoni. Nyuma yake majivu yalikuwa bado yanafuka moshi. Shamba lilikuwa limefagiliwa. Namaanisha limefagiliwa kwa ufagio, mstari kwa mstari, hakuna unyasi hata mmoja. Udongo ulikuwa umeshapasuka nyufa, upepo wa mchana ulikuwa umepaka majani vumbi, na sukuma zilikuwa zimeinamisha vichwa.

"Nilimuuliza yule jirani yako shamba lako ni lipi," alisema Aluoch, akimnyooshea kidole Wangila aliyekuwa shambani kwake. "Akaniambia, lile la takataka. Mbele ya watu! Nikasema, huyu mtoto anafua nguo za wenyewe mpaka hana nguvu ya kupalilia, na mimi mama yake nipo. Sasa huyo mpishi wako aje. Hata leo aje."

Akafungua viganja. Vilikuwa na malengelenge, mengine yameshapasuka.

"Asante, mama," alisema Nereah.

Lilitoka lenyewe. Ndilo neno alilokuwa amezoea kumpa mama yake maisha yote. Alisema asante aliposhonewa gauni lililomvuka miguu. Alisema asante alipochaguliwa mume, akaenda, na alichokikuta huko anakijua yeye. Sasa alisimama na asante nyingine mdomoni huku akitazama riziki yake ikinyauka, na kwa mara ya kwanza neno hilo lilimchoma. Alikuwa na hasira, na alimpenda huyu mama. Vyote viwili kwa pamoja, na hakujua kipi kitangulie.

"Hapana," akasema. "Mama, nisikilize. Zile nyasi niliziweka mimi. Kwa mkono wangu. Hazikuwa takataka."

Pembeni kabisa, nyuma ya jiwe, palikuwa na kipande ambacho ufagio haukukifikia. Nereah alipiga magoti, akainua nyasi, akachota udongo, akauweka kwenye kiganja cha kulia cha mama yake. Cha kushoto akakiwekea udongo wa pale palipofagiliwa. Mmoja ulishikamana, baridi. Mwingine ulipeperuka kama unga.

Aluoch aliufinya wa kulia, kisha wa kushoto.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utasema mimi ni mvivu."

Mama alijifuta mikono kwenye leso, akachukua ile ndoo aliyokuwa ameikalia, akashuka mtoni kuteka maji. Wakamwagilia wote wawili mpaka giza likaingia.

Asubuhi Nereah aliamka akakuta kitanda cha mama ni kitupu na pazia halipo kwenye kamba. Alimkuta Aluoch amesimama kwenye shamba la Wangila, mbele ya rundo la magugu makavu ambayo Wangila alikuwa ameyatupa mwisho wa shamba lake kwa miezi.

"Baba, naomba takataka zako," alisema Aluoch.

Wangila alitaka kucheka. Akamtazama usoni yule mama, akaacha. Akainama, akamsaidia kuzibeba.

Trizah alipofika, pazia lilikuwa limerudi juu ya kitalu na mistari miwili ilikuwa imefunikwa. Lakini mboga haziponi kwa usiku mmoja. Trizah alichuma jani, akalikunja; likalegea mkononi, vumbi likabaki vidoleni. Akachuma jingine kule nyuma ya jiwe. Hilo lilikatika kwa mlio, safi.

"Hizi ni mboga za mtu mmoja kweli?" aliuliza. "Huku kulikuwaje? Nani alipaharibu?"

Nereah alifungua mdomo. Alikuwa tayari kusema ni jua.

"Ni mimi," alisema Aluoch. "Alikuwa amepafunika vizuri. Mimi nikaja nikapafagia, kwa sababu sikuuliza."

Nereah hakuwahi kumsikia mama yake akikiri kosa hata siku moja. Akageuza uso upande wa mto. Trizah aliwatazama wote wawili, kisha akafungua kikapu chake.

"Leo nitachukua za hapo kwenye jiwe," alisema. "Kwa zile nyingine nitarudi zikishainuka. Na msizifagie tena, jamani."

Jumapili Aluoch alipanda basi peke yake. Begi lilikuwa tupu.

Mwisho wa mwaka ule, mvua kubwa ziliponyesha na mashamba ya jirani yakachukuliwa na maji, Nereah alikuwa bado anapeleka mboga Ayany, majani hayana hata tone la tope. Siku moja mtu wa kwao akapita na salamu. Mama ni mzima, alisema, anakula, anatembea. Ila kuna jambo watu wa nyumbani wanalinong'ona.

"Shamba lake siku hizi limejaa nyasi," alisema yule mgeni, akishusha sauti kwa huruma. "Wanasema uzee umemletea uvivu."

Nereah alicheka. Akacheka mpaka akalazimika kukaa chini, na alipokaa machozi yakamshuka, mgeni akabaki ameduwaa asijue amesema nini.