Kaburi la Ochola

Gerishom alikuwa akijipaka majivu mikononi, mafuta ya maganda ya korosho yasimbabue, aliposikia kwamba Ochola amenyongwa. Habari aliileta Adhiambo, mke wa Ochola, aliyesimama langoni mwa kiwanda pale Kilifi bila kulia. Jela huko bara ilikuwa imeshamzika mumewe ndani ya ua wake. Jamaa hawapewi maiti ya aliyenyongwa.

Gerishom ndiye aliyetoa ushahidi wa panga, wala hakudanganya. Ochola alimsukuma mwenye duka akatoka na redio. Hakimu alipouliza kama alikuwa na panga, Gerishom alijibu ndiyo. Ochola alikuwa mkata makuti. Panga alitembea nalo hata akienda kununua chumvi, kama nusu ya wanaume wa Kilifi. Hilo Gerishom hakuulizwa, naye mbele ya serikali alizoea kujibu aliloulizwa, basi. Hakujua kwamba sheria ya siku hizi, ukiiba kwa nguvu na panga unalo, ni kitanzi. Mzee Tsuma, msimamizi wao, alisema zamani kitanzi kilikuwa cha aliyeua. Hukumu iliposomwa kiwanda kilishangilia. Wezi wamezidi, na bei ya unga haishikiki. Leo kila mtu aliinamia korosho zake.

Adhiambo alikuja kutafuta mtu wa kuchimba. Kwao Wajaluo, maiti isipopatikana huzikwa tunda la yago, ule mti watu wa pwani wauitao mvungunya, ili marehemu atulie. Shemeji zake nyumbani walikataa matanga ya mwizi. Thoya, mwenye nyumba wake, alimpa pembe ya kiwanja.

"Mbona mimi, shemeji?" Gerishom aliuliza.

"Wewe ndiye uliyemsindikiza kitanzini. Mlaze wewe."

Gerishom alinawa majivu, akaacha mshahara wa siku hiyo.

Walianzia kwa naibu wa chifu, wasije wakaonekana wakaidi. Naibu alitaka kibali cha mazishi. Kibali hutoka mahali maiti ilipo, na maiti iko jela, na jela haitoi. Basi hakuna mazishi, alisema, na wakikusanyika bila ruhusa atawafunga wote. Alisema hayo huku akichokonoa meno, kisha akamwita mtu wa nyuma yao.

Wakaenda kuchimba. Pale chini ni mawe matupu, na viganja vya Gerishom, vilivyobabuka tangu zamani, vikatoka damu. Hakupumzika. Alitamani hata maumivu yazidi, maana dhamiri ilimsuta kuliko jembe. Adhiambo alilifunga tunda kwa shuka aliyokuwa akilalia mumewe, akalipakata.

Naibu alifika na askari shimo likiwa kifuani.

"Toka humo," naibu alisema. "Nilikwambia hakuna maiti."

Tangu azaliwe Gerishom hakuwahi kumbishia mtu wa serikali, na alijua kazi ya kiwandani huenda ikaishia hapo.

"Mrudishieni mumewe, bwana naibu," alisema, "nami nitatoka."

Askari alimtazama naibu, naibu akatazama mawe yaliyochimbuliwa. Gerishom akainua mikono yake yenye damu. Adhiambo akapiga magoti ukingoni, akamkabidhi mumewe.